Miaka Sitini Bila Jina

Watu wa Kagera na majirani zao wa Rakai wamebebeshwa mzigo usio wao. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila inaposimuliwa habari ya UKIMWI katika Afrika Mashariki, simulizi huanzia kwao: mwalo wa Kasensero upande wa Uganda, ambako mwaka 1982 wavuvi na wachuuzi walianza kukonda na kufa, kisha wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania, waliotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mahali hapo pana mpaka, palikuwa na magendo na magari ya mizigo, na kwa hiyo ndipo walipotafutwa wenye hatia. Kasensero walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Kitanzania waliodhulumiwa mali zao. Upande wa pili Wahaya waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wachuuzi kutoka Uganda. Kila mmoja aliona umetoka kwa mwenzake.

Wote wawili walikuwa wanautazama mwisho wa safari ndefu. Wavuvi wa Kasensero walipoanza kuugua, virusi hivi vilikuwa vimekwisha kuishi katika miili ya binadamu kwa miaka sitini au zaidi, vikipita katika njia ambazo watu wengine walizijenga kwa faida yao. Njia hizo leo zinajulikana vizuri, na kuzijua kunaondoa sehemu kubwa ya aibu ambayo wagonjwa wetu waliambiwa waibebe peke yao.

Chanzo ni sokwe. Hilo halina ubishi tena. Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Beatrice Hahn walitoa matokeo ya kazi ngumu ya kukusanya kinyesi cha sokwe wa mwituni katika misitu ya kusini mwa Kameruni. Ndani ya kinyesi hicho walikuta alama za virusi vya sokwe, ambavyo wataalamu huviita SIV. Katika pembe ya kusini-mashariki ya nchi hiyo walikuta virusi vilivyofanana na VVU kuliko vyovyote vilivyopata kuonekana popote.

Watanzania wana sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, nao wana SIV. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba virusi hivyo haviwadhuru sokwe. Kumbukumbu za Gombe, zilizowafuata sokwe mmoja mmoja kwa jina kwa miongo kadhaa, zilikanusha imani hiyo: utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa iliyo kubwa mara 10 hadi 16 kuliko ya wenzao wa rika lao. Wanyama hawa wanaugua kama sisi. Lakini aina ya virusi ya Gombe haijawahi kukutwa kwa binadamu. Iliyovuka ni ile ya Kameruni, maili nyingi magharibi.

Ilivukaje? Kwa damu. Mwindaji anamchuna sokwe, kisu kinateleza, damu ya mnyama inakutana na jeraha la mkono. Tukio hilo halikutokea mara moja tu. Ukiweka pamoja VVU ya aina ya kwanza, iliyotokana na sokwe na gorila, na ile ya aina ya pili, iliyotokana na kima wa misitu ya Afrika Magharibi, virusi vya namna hii vimevuka kuingia kwa binadamu angalau mara kumi na mbili. Karibu zote ziliishia vijijini au katika ukanda mmoja wa bara. Kundi moja tu, linaloitwa M, ndilo lililoenea duniani kote, nalo ndilo linalobeba zaidi ya asilimia 90 ya maambukizi yote.

Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Watu wa misituni wamewinda kwa karne na karne. Bila shaka wapo waliowahi kuambukizwa zamani, wakaambukiza mke au mume, na virusi vikafa pamoja nao bila kwenda mbali. Kwa nini safari hii havikufa?

Jibu linategemea tarehe, na tarehe imepatikana katika vipande viwili vya mwili vilivyohifadhiwa Leopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Kimoja ni damu ya mwanamume iliyochukuliwa mwaka 1959. Kingine ni kipande cha tezi ya mwanamke kilichokatwa mwaka 1960 na kugandishwa ndani ya nta kwa ajili ya hadubini. Vyote viwili vilikuwa na VVU, lakini virusi vya mmoja vilitofautiana sana na vya mwenzake. Virusi hivi hubadilika kwa kasi inayoweza kukadiriwa, kwa hiyo ukubwa wa tofauti hueleza ni muda gani umepita tangu vilipoachana na babu yao. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walipiga hesabu hiyo wakapata mahali fulani kati ya 1884 na 1924, kisio la katikati likiwa 1908. Mwaka 2014 kundi jingine lilipima mamia ya sampuli za Kongo na nchi jirani, likaonyesha kwamba kundi M lilianza kuenea mjini Kinshasa kwenyewe, miaka ya karibu na 1920.

Kwa hiyo tuutazame mji huo ulivyokuwa. Kutoka misitu ya kusini-mashariki mwa Kameruni hakukuwa na barabara ya maana, ila palikuwa na mito. Mpira na pembe za ndovu vilishuka kwa mto Sangha hadi mto Kongo, na mto Kongo ukavifikisha Brazzaville na Leopoldville, miji miwili inayotazamana. Leopoldville ilikuwa ghala la koloni la Wabelgiji. Reli ya kwenda bandari ya Matadi ilikwisha kukamilika tangu 1898. Serikali ilitaka mikono ya wanaume, haikutaka familia zao. Wake na watoto walizuiwa kuingia mjini, na matokeo yake wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa mbali. Wanawake wachache waliofika peke yao walitozwa kodi kwa sababu tu ya kuishi mjini bila mume. Mji wa namna hiyo uliwalazimisha watu kuishi maisha ambayo baadaye yaliitwa uasherati wa Mwafrika. Ulikuwa uamuzi wa ofisi, ukiwa na mihuri na risiti.

Kisha kuna sindano. Jacques Pépin, daktari wa Kanada aliyefanya kazi Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1980, amelifuatilia jambo hili katika nyaraka za kikoloni kwa uvumilivu mkubwa. Malale, buba na kaswende vilitibiwa kwa kampeni za kijeshi. Katika eneo la Ubangi-Shari, ambalo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, daktari Mfaransa Eugène Jamot na wasaidizi wake walitibu wagonjwa 5,347 wa malale kati ya 1917 na 1919 wakiwa na mabomba sita ya sindano. Sita. Mgonjwa mmoja alidungwa, bomba likasuuzwa haraka au lisisuuzwe, akafuata mwingine. Leopoldville yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari mmoja Mbelgiji aliripoti kwamba wagonjwa wa zahanati ya magonjwa ya zinaa walikuwa wakipata homa ya ini kutokana na sindano zilizotumiwa tena na tena. Wataalamu bado wanabishana ni maambukizi mangapi yalitokana na sindano na mangapi na ngono. Kwangu mimi ushahidi wa Pépin unatosha kusema kwamba bila sindano hizo virusi visingepata wingi wa kwanza vilivyouhitaji. Madaktari wale walikuja kuponya, na waliponya wengi kweli. Hilo halifuti lililotokea.

Nalitaja jambo la sindano kwa uangalifu, kwa sababu zipo hadithi nyingine mbili za tiba na njama zilizoenea sana kwetu, na zote mbili si za kweli. Ya kwanza ilisema UKIMWI ulitokana na chanjo ya polio iliyojaribiwa Kongo, Rwanda na Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwamba ilitengenezwa kwa viungo vya sokwe waliofugwa katika kambi ya Lindi karibu na Kisangani. Mwandishi Edward Hooper aliitetea kwa kitabu kizima mwaka 1999. Ilipimwa kwa haki: mwaka 2004 ilionekana kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo tofauti kabisa na ule uliozaa VVU. Ya pili ilisema Wamarekani waliviunda katika maabara ya kijeshi ya Fort Detrick. Ilichapishwa kwanza katika gazeti la India mwaka 1983 na kusambazwa na majasusi wa Urusi ya Kisovieti. Virusi vilivyokuwamo katika damu ya mtu wa Leopoldville mwaka 1959, wakati hakuna maabara duniani iliyoweza kuunda kitu kama hicho, vinatosha kuijibu.

Kutoka Leopoldville virusi vilipanda treni. Reli kutoka Katanga hadi bandari ya mtoni ya Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na kufikia mwaka 1948 abiria zaidi ya milioni moja kwa mwaka walikuwa wakipita Leopoldville kwa reli. Sampuli zinaonyesha kwamba virusi vilifika Mbuji-Mayi, mji wa almasi, na Lubumbashi, mji wa shaba, kabla havijafika miji mingine iliyo karibu zaidi lakini isiyo na reli. Kisangani vilifika baadaye, kwa mto. Lubumbashi, ambayo hadi leo inazungumza Kiswahili chake yenyewe, ilikuwa na mabweni ya kampuni ya Union Minière na wafanyakazi kutoka kila upande. Tawi la kundi M linaloitwa C lilikulia katika ukanda huo wa migodi, likaingia Zambia na kushuka hadi Afrika Kusini, ambako kulikuwa na migodi mingine na mabweni mengine ya wanaume wasio na wake. Leo karibu nusu ya watu wote wenye VVU duniani wana tawi hilo.

Tawi jingine, B, lilivuka bahari kwa sababu ya uhuru. Wabelgiji walipoondoka mwaka 1960 waliiacha nchi kubwa bila walimu wala madaktari, na Umoja wa Mataifa ukatafuta watu weusi wenye elimu wanaojua Kifaransa. Wahaiti wapatao 4,500 walikwenda kufanya kazi Kongo katika miaka iliyofuata. Mmoja wao, kwa hesabu za vinasaba, alirudi na virusi karibu na mwaka 1966. Huko Port-au-Prince kulikuwa na kituo ambacho mwaka 1971 na 1972 kilinunua plazima ya maskini na kuiuza Marekani. Pépin anakishuku kuwa kilisaidia kueneza maambukizi kisiwani. Karibu na mwaka 1970 virusi vilikuwa New York. Wahaiti walilipwa ubaya kwa wema wao: mwanzoni mwa miaka ya 1980 taifa lao zima liliorodheshwa na Wamarekani kuwa kundi la hatari, na mwaka 1990 maelfu waliandamana kuvuka daraja la Brooklyn kupinga amri ya kukataa damu yao.

Vivyo hivyo alitajwa mhudumu mmoja wa ndege wa Kanada kuwa ndiye aliyeuingiza ugonjwa Marekani. Kwenye jedwali la watafiti alikuwa ameandikiwa herufi O, kwa maana ya mtu wa nje ya California, na watu wakaisoma kama sifuri, mgonjwa wa mwanzo. Mwaka 2016 uchunguzi wa damu ya zamani ulimsafisha kabisa. Alikuwa mmoja kati ya maelfu. Alikwisha kufariki miaka mingi.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita haraka. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles, mashoga, waliopata aina ya nimonia isiyowapata watu wenye kinga. Mwaka 1983 Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walivipata virusi, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kinachosahauliwa ni kwamba wakati huohuo hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa ilikuwa imejaa wagonjwa wale wale, wanaume kwa wanawake, na daktari Bila Kapita alikuwa anawaona kila siku. Kwa kuwa ugonjwa ulitambuliwa kwanza kwa mashoga wa Marekani, ilichukua muda mrefu kwa wakubwa wa Ulaya kuamini kwamba mke mwaminifu wa Kinshasa anaweza kuupata kwa mumewe.

Turudi upande wetu. Vinasaba vya matawi A na D, yanayotawala Uganda na Kenya, vinaonyesha kwamba virusi viliingia Afrika Mashariki kutoka Kongo muda mfupi baada ya 1950, vikatulia, kisha vikalipuka miaka ya 1970. Hiyo ndiyo miaka ya Idi Amin, ya uchumi kuvunjika, ya watu kuishi kwa magendo kati ya Bukoba, Masaka na Kampala. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilizidisha umaskini na mizunguko ya watu. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi, Kampala na Kigali ilijaa malori yaliyokaa mpakani siku nyingi yakisubiri karatasi. Mama ntilie aliyempikia dereva, binti aliyekuwa akiuza bia, mwenye nyumba ya kulala wageni: hawa ndio waliokufa kwanza.

Kasi yake ilitisha. Nairobi kulikuwa na damu ya wanawake wauza ngono iliyohifadhiwa tangu 1981. Ilipopimwa baadaye, asilimia 4 walikuwa na maambukizi. Kufikia 1985 walikuwa asilimia 61. Mjini Bukoba, utafiti wa mwaka 1987 ulikuta asilimia 24 ya watu wazima wana VVU, karibu mmoja kati ya kila wanne. Mtu akitaka kuelewa maana ya namba hiyo afikirie migomba ya Kihaya isiyo na wa kuipalilia, na bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu wa watoto wake watatu. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa, na mwaka huohuo Zanzibar nayo ikapata wake wa kwanza.

Uganda ilisema mapema. Mwaka 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Fidel Castro alimwambia Yoweri Museveni kwamba kati ya maofisa 60 wa jeshi lake waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Museveni hakuficha. Lakini ujasiri mkubwa zaidi ulitoka kwa wananchi. Noerine Kaleeba, baada ya mumewe kufariki mwaka 1987, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa, pamoja na wenzake ambao wengi walikuwa wagonjwa. Mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akiwa dhaifu, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Waganda walibadilika kwa kuwa walimwona mtu waliyempenda.

Kenya na Tanzania zilisuasua. Marais Moi na Mkapa waliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, miaka kumi na tano au zaidi baada ya wagonjwa wa kwanza. Katikati ya ukimya huo watu walishika walichokipata: mwaka 1990 Kenya ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron, iliyobainika baadaye kuwa haifanyi kazi. Hata hivyo wataalamu wa ukanda huu walifanya kazi ambayo dunia nzima inaitumia. Utafiti wa mkoa wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya kwa karibu asilimia 40. Hospitali ya Mulago ilithibitisha mwaka 1999 kwamba dawa rahisi ya nevirapini inaweza kumkinga mtoto asiambukizwe na mama. Tafiti za Kisumu na Rakai zikathibitisha faida ya tohara katika kuwakinga wanaume.

Kwingineko virusi vilifuata njia za kila nchi: biashara ya ngono na heroini nchini Thailand, uuzaji wa plazima vijijini Henan nchini China, sindano za mihadarati nchini Urusi baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Heroini ilifika pia pwani yetu, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na ni jambo la kujivunia kwamba hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu methadoni mwaka 2011.

Mwaka 1996 ilithibitika kwamba dawa tatu zikichanganywa zinavifubaza virusi hivyo, na mgonjwa anaishi. Wodi za New York na Paris zilianza kuwa tupu. Bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Mwaka 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alijitolea kuziuza kwa dola 350, wakati kampuni 39 za dawa zilikuwa mahakamani kuizuia Afrika Kusini kununua za bei nafuu. Kesi hiyo ziliiondoa Aprili mwaka huohuo baada ya dunia kuzikemea. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo, ziitwazo ARV, bure katika hospitali zake mwaka 2004. Virusi vilikuwa vimepita katika mito, reli, meli na ndege bila kuombwa pasipoti. Dawa ilichukua miaka minane kutoka kule hadi hapa, na kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka huo wa 2004 ndio dunia ilizika watu wengi zaidi kwa UKIMWI kuliko mwaka wowote: zaidi ya milioni 2. Wengi wao walikufa kwa ugonjwa uliokuwa tayari na tiba ya kuufubaza. Hilo sijaweza kulisamehe.

Hata dawa zilipofika, hofu na unyanyapaa vilibaki. Mwaka 2007 Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani Dar es Salaam ili wengine wathubutu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, na baadhi yao waliacha vidonge vyao. Sitawacheka. Walikuwa wamechoka kumeza dawa kila siku huku wakijificha.

Mwaka 2023 watu milioni 39.9 walikuwa wanaishi na VVU, zaidi ya milioni 30 wakipata dawa, na vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 630,000. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa ghafla, na kliniki nyingi za Afrika Mashariki zikapoteza wahudumu ndani ya wiki chache. Miezi michache kabla, matokeo ya majaribio ya sindano ya kinga ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, yalikuwa yametoka Uganda na Afrika Kusini: kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani iliidhinisha Juni 2025, kwa bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Watengenezaji wa India wameahidi kuitoa kwa dola 40 kuanzia mwaka 2027. Wizara zetu za afya hazina haja ya kungoja tarehe hiyo ndipo zianze kutafuta fedha. Kifungu cha kuinunulia kinaweza kuandikwa katika bajeti sasa, kwa shilingi zetu wenyewe.